Shokapu na pikipiki iliyoshushwa

Kwenye kamusi utakuta shokomzoba. Kwenye gereji za bodaboda wanasema shokapu, nami nimesimama na gereji. Tahajia hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba neno hili limebeba vitu viwili: springi, inayobeba uzito, na silinda ya mafuta, inayoizuia springi isiendelee kudundadunda. Fundi akisema "shokapu imekufa", mara nyingi springi ni nzima. Kilichovuja ni mafuta.

Utata huo huwagharimu wanaoshusha pikipiki aina ya kruza, kama Harley-Davidson za Marekani. Hufunga shokapu fupi ili miguu ifike chini vizuri na pikipiki ionekane imelala barabarani. (Urembo una bei, hata wa chuma.) Lakini kimo hakipungui peke yake. Hupungua pia mwendo, yaani nafasi ya gurudumu kupanda kabla shokapu haijagonga mwisho. Iron 883 ya Harley ilikwishatoka kiwandani na mwendo wa nyuma wa takriban sentimita 4 tu. Katika nafasi finyu namna hiyo springi hulazimika kuwa ngumu, la sivyo kila shimo litaishia kwenye uti wa mgongo wa dereva. Naye mara nyingi kanyoosha miguu mbele, hawezi kujiinua kitini kukipokea kishindo.

Wengine basi hununua kiti kinene zaidi, na kimo walicholipia kukipunguza kinarudi.