Kasongo ilifundisha dunia kumfuata mgonjwa, mwenye pumu wa Maniema bado anangoja

Siku ya Pumu Duniani, inayoadhimishwa kila Jumanne ya kwanza ya Mei, inatukuta tena Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, na swali lile lile. Mtu wa mtaa wa Alunguli akibanwa na kifua usiku wa manane, dawa yake iko wapi? Mara nyingi jibu ni sindano ya aminofilini kama kituo kinayo, au vidonge vya salbutamol kutoka dukani. Akipata nafuu anarudi nyumbani, kwenye moshi wa makaa na vumbi la barabara, mpaka abanwe tena. Pompa ya kuvuta kila siku ili kifua kisibane, wengi wanaisikia tu kwa majina. Inauma zaidi ukijua kwamba Maniema hii hii ndiyo iliyoionyesha dunia namna ya kumtunza mgonjwa asiyepona kwa wiki moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha kazi Kasongo, kusini mwa Kindu. Waliokuwa nyuma ya wazo hilo ni Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Hospitali ilizungukwa na vituo vya afya, kila kituo chini ya muuguzi mwenye maelekezo ya maandishi. Wa malaria, mwenye mimba na wa kifua kikuu walipokelewa mlango mmoja. Kadi ya mgonjwa ilibaki kituoni, na asiyefika siku yake alitafutwa. Daktari Pangu Kasa Asila aliyaeleza hayo katika tasnifu yake ya 1988, Chuo Kikuu Huria cha Brussels, akisema afya kwa wote inawezekana.

Mkutano wa Alma-Ata kuhusu huduma ya afya ya msingi ukaja 1978. Mwaka 1985 Zaire, yaani Kongo ya leo, ikagawanywa katika zoni 306 za afya, kwa kufuata mafunzo ya Kasongo na ya miradi kama hiyo ya Kisantu, Bwamanda na Vanga. Leo zoni hizo ni 519.

Lakini kilicholitangaza jina la Kasongo mbali zaidi ni ugomvi. Mwaka 1981 timu yake ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwafuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Waliochanjwa walinusurika zaidi katika umri ambao surua huua. Baadaye, timu ikasema, tofauti ilianza kupungua. Ikauliza swali zito: je, mtoto dhaifu anayeokolewa kutokana na surua hachukuliwi kesho na kuhara au homa ya mapafu?

Swali hilo liliwasha moto. Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark aliyekuwa akihesabu vifo vya watoto Guinea-Bissau, aliandika kupinga katika jarida hilo hilo, mwaka huo huo. Hakuacha. Mwaka 1995, katika jarida la BMJ, yeye na wenzake walikokotoa upya takwimu za nchi kadhaa, zikiwemo za Zaire, wakakuta chanjo inapunguza vifo kuliko ambavyo kuizuia surua peke yake kungeweza. Kwa hilo Aaby alishinda, na mama anayempeleka mwanawe kuchanjwa leo anafanya jambo sahihi.

Hata hivyo Kasongo nayo iliacha fundisho lake. Pande zote mbili ziliweza kubishana kwa sababu huko Maniema watoto waliandikwa na kufuatiliwa mmoja mmoja.

Pumu inadai utunzaji wa namna hiyo. Salbutamol iliingia sokoni 1969, ikafungua mirija ya hewa kwa dakika chache. Mwaka 1972 ikafuata beklometasoni ya kuvuta, inayotuliza uvimbe ndani ya mirija, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Anayetegemea salbutamol peke yake anapata nafuu huku uvimbe ukiendelea. Ndiyo maana mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, liliacha kabisa kupendekeza salbutamol bila dawa ya kutuliza uvimbe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka huo pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi kama yetu.

Wala vifaa si lazima viwe vya gharama. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba kwa mtoto aliyebanwa, chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na chemba ya dukani ya kuvutia dawa ya pompa. Waya unakunjwa kwa umbo la mdomo wa pompa, unapashwa moto, unayeyusha tundu kwenye kitako cha chupa. Pompa inachomekwa na kuzibwa pembeni kwa gundi, mtoto anapumua kupitia shingo ya chupa. Kazi hiyo fundi yeyote wa soko la Kindu anaiweza.

Vita vya miaka ya 1990 vilivunja mengi, na Kindu yenyewe ilitekwa Oktoba 1998. Mwaka 2023 serikali ilianza huduma ya afya kwa wote kwa kuwasaidia kina mama wanaojifungua, na ilistahili kuanzia hapo. Sasa wenye pumu nao waingizwe. Kila kituo kiwe na daftari la majina yao, beklometasoni kwenye kabati pamoja na dawa za malaria, bei ambayo muuza samaki anaimudu, na muuguzi anayeuliza kwa nini fulani hakuja mwezi huu. Maniema haina haja ya kujifunza hilo ugenini. Ililifanya Kasongo, kwa wauguzi wake wenyewe, na inaweza kulifanya tena.