Kilima cha York: mnara ni wa juzi, udongo ndio mkongwe

Haya ndugu msomaji, leo tuache siasa kidogo. Twende York, kaskazini mwa Uingereza. Pale mjini kuna kilima cha kama mita 15, na juu yake mnara wa mawe uitwao Clifford's Tower. Watalii wanapiga picha mnara. Mimi nasema mwenye habari ni kilima.

Kwanza, hakikuumbwa na Mungu. William wa Normandy alipoitwaa Uingereza mwaka 1066, watu wa kaskazini walimgomea. Ndipo mwaka 1068 na 1069 akajenga ngome mbili York, moja kila upande wa mto Ouse. Wanormani walikuwa wanachimba handaki, wanarundika udongo na kuushindilia, kisha juu yake wanasimamisha mnara wa mbao. Nyumba za wenyeji je? Zilibomolewa. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinasema mtaa mmoja kati ya saba ya mji uliangamizwa kupisha ngome.

Sasa njoo Machi 1190. Wayahudi wa York, wapatao 150, walikimbilia ngomeni kujiokoa na kundi la watu wenye hasira. Baadhi ya viongozi wa kundi lile walikuwa wanadaiwa na Wayahudi hao. Usiku wa tarehe 16 wengi wakaona afadhali wajiue wenyewe. Mnara ukaungua. Waliotoka asubuhi kwa ahadi ya kubatizwa wakauawa. Halafu wauaji wakaenda Kanisa Kuu, zilikohifadhiwa hati za madeni, wakazichoma. Hapo ndipo unapoelewa ugomvi ulikuwa wa nini! Adhabu? Mji ukatozwa faini.

Mnara wa mawe ulianza kujengwa mwaka 1245, yaani zaidi ya miaka 50 baadaye. Nao una vituko vyake: miaka ya 1590 mkuu wa gereza, Robert Redhead, alikuwa anaubomoa kidogo kidogo apate mawe ya kuchoma chokaa, mpaka wakuu wa mji wakapiga kelele. Mali ya umma hiyo!

Lakini mbao zilizoungua zilikutwa ndani ya kilima, mafundi walipokuwa wakiimarisha kuta mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo maana sikushangaa ugomvi ulipozuka mwaka 2016, baada ya halmashauri kuruhusu kituo cha wageni kinachokata sehemu ya chini ya kilima. Tena mwombaji alikuwa English Heritage, mtunzaji mwenyewe! Wapinzani walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2017, ila hawakunyamaza. Mwaka 2018 mpango ukafutwa.

Mnara ulifunguliwa upya mwaka 2022 ukiwa na jukwaa la mbao ndani, juu ya nguzo zake lenyewe. Kilima hakikukatwa. Kila Machi kinajaa maua ya manjano ya dafodili, yaliyopandwa kuwakumbuka wale wa 1190. Petali zake ni sita, kama ncha za nyota ya Daudi.