Neno Likikatika Njiani

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikaanza kupiga mzinga. Shabaha yake ilikuwa Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyopandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alijitosa kwenye mashua kumfuata Rhoades wa Gwendolen, rafiki yake wa siku nyingi. Inasimuliwa kwamba alimwuliza kwa hasira kama amelewa. Akaambiwa nchi zao zina vita, na yeye sasa ni mateka. Vita hivyo vilitangazwa tangu tarehe 4.

Kulikoni, ndugu msomaji? Waingereza wa Nyasaland walikuwa na simu ya waya. Kampuni ya Cecil Rhodes iliivuta kutoka kusini ikafika Blantyre mwaka 1895, ikapanda hadi Karonga, kisha ikavuka hadi Ujiji. Berndt pale Liuli hakuwa na waya wa kumwonya. Hata mkuu wa Wajerumani huko Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, jirani zetu wa hapa Kyela, ilimbidi amwandikie Mwingereza wa Karonga kumwuliza kama kweli wana vita.

Simu ya waya ilikuwa na adui mmoja: umbali. Umeme ukisafiri mbali huchoka. Dawa yake ilipatikana miaka ya 1830, kwa kazi ya watu kama Joseph Henry wa Marekani. Ni rilei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mkondo uliochoka huivuta sumaku, nayo swichi hufungulia betri nyingine yenye nguvu mpya. Neno likaendelea na safari.

Rilei hiyo ingalipo. Imo ndani ya amplifaya inayoongeza nguvu za simu ya upepo katika gari. Na mafundi wanaujua ugonjwa wake: ukibonyeza kitufe uongee, rilei hutatarika, ta-ta-ta-ta, na maneno hukatikakatika.

Kazi yangu ni kuongea redioni, si kushika koleo, lakini mafundi wamenifundisha jambo moja: usikimbilie kubadili rilei. Mara nyingi yenyewe ni nzima, ila ina njaa. Amplifaya ikivuta ampea 20, na kwenye waya au kiungo kilichoshika kutu kuna ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 2 zinapotea njiani. Sumaku inalegea, rilei inaachia. Ikiachia, mzigo unaondoka na volti zinarudi. Zikirudi, rilei inashika tena. Ndiyo hiyo ta-ta-ta.

Kwa hiyo fundi mwerevu hapimi betri gari likiwa limetulia, maana hapo itasoma vizuri. Hupima kwenye vituo vya amplifaya yenyewe, mtu akiwa anaongea. Kisha husugua viungo, hukaza waya wa bodi, huweka waya mnene. Volti zikiwa timamu na bado inatatarika, ndipo huchunguza antena, au kapasita inayoishikilia rilei katika mapengo kati ya maneno.

Hapa Kyela mvua ni nyingi na unyevu haukauki. Shaba hugeuka kijani upesi. Gari la wagonjwa linalotoka Matema usiku, au chombo kinachotoka Itungi upepo wa kusini ukiwa mkali, havihitaji simu ya upepo inayosoma vizuri ikiwa kimya. Vinahitaji inayostahimili mzigo wa neno.

Berndt alipoteza meli kwa habari iliyochelewa siku tisa. Ziwani, dakika tisa zinatosha kupoteza watu. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wenye magari na vyombo, wapimeni mafundi wenu kwa swali hili: volti ni ngapi wakati mtu anaongea?