Dalili za Breki Zilizochakaa na Wakati wa Kuzibadilisha

Taarifa nyingi za ajali za barabarani hubeba maneno yaleyale: gari lilifeli breki. Maneno hayo humfanya msomaji adhani kuwa breki zilikufa ghafla, ilhali kwa kawaida huchakaa kwa miezi kadhaa, na katika muda huo hutoa dalili ambazo hata dereva asiye fundi anaweza kuzitambua.

Magari mengi madogo yana breki za diski katika magurudumu ya mbele. Pedi mbili huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na msuguano huo ndio unaopunguza mwendo. Sehemu ya pedi inayosuguana huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12 ikiwa mpya. Ikibaki milimita 3, ibadilishwe, isipokuwa kitabu cha gari kimetaja kipimo kingine. Pedi za mbele kwa kawaida huisha kabla ya za nyuma, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito huelemea mbele.

Dalili inayojulikana zaidi ni mlio mwembamba breki inapokanyagwa. Pedi nyingi zimewekewa kijibati kinachogusa diski pedi inapokaribia kuisha. Kimewekwa makusudi ili kipige kelele. Mlio wa asubuhi unaopotea baada ya kukanyaga mara mbili tatu, hasa mvua ikiwa imenyesha, mara nyingi ni kutu nyepesi tu. Mlio wa kudumu ukipuuzwa, hufuatwa na mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na mmiliki aliyetaka kuokoa bei ya pedi hujikuta ananunua na diski.

Gari likivuta upande mmoja, huenda pedi za upande mmoja zimekwama au zimeingiwa na mafuta. Kanyagio likitetemeka, diski haina tena unene ulio sawa. Kanyagio likiwa laini au likizama, kuna hewa au uvujaji katika mfumo, na gari hilo lisiendeshwe hata kwenda gereji. Fundi aitwe lilipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari lenye ubovu wa namna hiyo.

Mafuta ya breki husahaulika zaidi. Kiwango chake kikishuka, ama pedi zimeliwa au kuna uvujaji. Kuongeza mafuta bila kuchunguza ni kuificha dalili. Aidha, mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishaingiwa na unyevu kikomo hicho hushuka hadi 140. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Tofauti hiyo ya nyuzijoto huonekana milimani. Katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida au Iwambi jijini Mbeya, dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto kupita kiasi. Pedi zikizidiwa na joto, kanyagio hubaki gumu lakini gari halipungui mwendo. Mafuta yakichemka, kanyagio huzama. Katika hali zote mbili hata pedi mpya haziwezi kutegemewa. Dereva aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini ishikilie mwendo, na kamwe asiteremke kwa gia huru. Kwa malori yenye breki za upepo kuna hatari nyingine: kukanyaga na kuachia mara kwa mara humaliza upepo kwenye mitungi.

Wakati wa kubadilisha, pedi za magurudumu mawili ya ekseli moja hubadilishwa pamoja, hata kama za upande mmoja zinaonekana nzima. Fundi apime unene wa diski na kuulinganisha na kikomo kilichoandikwa juu yake, na vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwani linadhuru mapafu. Kazi ikiisha, kanyagio likanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama hadi liwe gumu, kwa sababu mkanyago wa kwanza baada ya matengenezo unaweza kuzama hadi chini. Katika kilomita 200 za mwanzo, breki kali ziepukwe pale usalama unaporuhusu, ili pedi na diski vizoeane.