Safari Classic: magari ya zamani ya mbio na njia za potopoto za Afrika Mashariki

Safari Classic ni mashindano ya magari ya zamani ya mbio. Yanafanyika Kenya tangu mwaka wa 2003, na mara nyingine yamevuka mpaka na kuingia Tanzania. Jina lake kamili ni East African Safari Classic Rally. Kwa kawaida yanapangwa kila nyuma ya miaka miwili, kuelekea mwisho wa mwaka, na yanachukua siku zaidi ya juma moja. Gari zinazoingia humo ni Ford Escort, Datsun, Porsche 911, Peugeot 504 na zingine za umri huo, zile ambazo wazee wetu walizijua zingali mpya dukani.

Mashindano haya yana sura yake yenyewe, tofauti na ile ya Ulaya. Kule, mtu mwenye gari ya zamani ya mbio anaipeleka kwenye uwanja wa lami. Analipa, anavaa kofia ngumu, anaingia uwanjani kwa dakika 20 hivi pamoja na wenzake wenye mwendo kama wake, kisha anatoka na kuacha kundi lingine liingie. Siku kama hiyo haina mshindi wala kombe. Kumpita mwenzako kunaruhusiwa pahali palipoonyeshwa tu, na mara nyingi ni yule wa mbele anayekupa alama kwamba upite. Huko Ubelgiji, kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, mzunguko mmoja ni kilomita 7. Gari ikiharibika, inavutwa mpaka garaji iliyo palepale, na mwenyewe anaenda kunywa kahawa.

Afrika Mashariki ilichagua njia nyingine, na sababu inajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil, mpenda magari aliyeishi Kenya, aliombwa na binamu yake Neil Vincent aje kushindana kwenye uwanja wa Langalanga, katika Bonde la Ufa. Cecil alikataa. Kwake yeye, hakuna kitu cha kuchosha kama kuzunguka pahali pamoja siku nzima. Alitaka mashindano ambamo mtu anaingia ndani ya gari, anafunga mlango, anakata nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika wa kwanza ndiye mshindi. Maneno hayo yalizaa Coronation Safari ya mwaka wa 1953, iliyopewa jina hilo kwa kuwa Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa anavikwa taji mwaka huo.

Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari zilipaswa kuwa zilezile zinazouzwa dukani, na zilipangwa kwa madaraja kufwatana na bei yake. Mtu wa Volkswagen ndogo hakushindanishwa moja kwa moja na tajiri. Mwaka wa 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari. Mbio ziliwekwa wakati wa Pasaka, na kila mkaaji wa sehemu hizi anajua mvua ya Pasaka inafanya nini na barabara ya udongo.

Mwaka wa 1963 zilianza gari 84 na zikafika 7. Mwaka wa 1968 zilianza zaidi ya 90, na tena zikafika 7. Mara zote mbili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka wa 1966 na wa 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda na 404 vilevile. Ushindi nne ndani ya miaka sita: ndiyo maana gari hii iliaminiwa sana Afrika nzima, Zaire ikiwa ndani. Haikuwa na mbio nyingi. Ilikuwa na mwili mgumu, ilisimama juu ya udongo, na fundi aliweza kuitengeneza akiwa chini ya mwembe.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi siri ya mashindano haya ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka wa 1932. Baba yake alikuwa na garaji, na yeye mwenyewe alikomaa na spana mkononi. Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani akiwasaidia walioharibikiwa. Kabla ya kuwa shofere wa mbio alikuwa amekwisha kuona kila namna gari inavyoweza kukufia njiani.

Mwaka wa 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Gari hiyo haikuwa mpya. Timu ya kiwanda ilikuwa imekwisha kuitumia na kuiacha, Joginder akaitengeneza upya kwa mikono yake. Viwanda vya Ulaya vilivyoleta gari mpya na mafundi wao vikaangalia gari iliyochoka ikipita mbele. Akashinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976, safari hizo ndani ya Mitsubishi Lancer. Lakini hesabu inayosema zaidi ni hii: aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Kwenye mashindano ambamo mwaka mwingine gari zaidi ya 70 zinabaki porini, namba hiyo ina uzito kuliko makombe matatu. Alifariki mwaka wa 2013.

Mwingine wa kukumbukwa ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekimbilia Kenya mwaka wa 1972 wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka uliofwata tu, 1973, akashinda na Datsun 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna aliyewahi kumfikia kwa ushindi wa Safari ndani ya ubingwa wa dunia. Wakati huo mbio zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye ubingwa wa dunia (tangu 1973), na baadaye, siasa za inchi tatu zilipoharibika, zikabaki Kenya peke yake. Ziliondolewa kwenye ubingwa wa dunia nyuma ya mwaka wa 2002, na zikarudi mwaka wa 2021, huko Naivasha, zikiwa fupi na na gari za kisasa.

Ni katika pengo hilo Safari Classic ilizaliwa. Mwaka wa 2003 ilikuwa miaka 50 tangu Coronation Safari, na watu wa Kenya waliopenda mbio za zamani wakasema gari za zamani zirudishwe kwenye njia za zamani. Sheria zake zinalinda wazo hilo. Gari iwe ya kusukumwa na magurudumu mawili tu, siyo manne. Injini isiwe na turbo. Kwa miaka ya karibuni, gari iliyotengenezwa nyuma ya 1985 haikubaliwi.

Isidhaniwe kwamba gari hiyo inatolewa kwenye stoo na kuanza kukimbia. Kwanza inavuliwa yote mpaka bati. Viungo vinachomelewa upya, na ndani panajengwa fito za chuma zitakazowalinda watu wawili gari ikipinduka. Resori na amotisere, vile vinavyomeza mishtuko, vinabadilishwa na vingine vigumu na virefu ili tumbo la gari liinuke, kisha chini panafungwa bamba nene juu ya mawe. Mlango wa hewa ya injini unalindwa na mavumbi, sababu mavumbi yanakula injini pole pole kuliko mawe yanavyovunja. Porsche 911 inapendwa sana kwa jambo moja rahisi: injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito unayakandamiza kwenye udongo na hayazunguki bure kwenye utelezi. Shofere wa kamio anayebeba mzigo anaielewa hesabu hiyo bila kusoma kitabu.

Kila siku inagawanywa: kuna vipande vinavyopimwa kwa saa, vya udongo, ambamo mtu anakimbiza kwa nguvu zote, na kuna vipande vya kawaida vya kuunganisha, ambamo anafwata sheria za barabara kama sisi wote. Gari zinaachwa moja moja, kwa kupishana dakika, ili ya nyuma isipofuke kwa mavumbi ya mbele. Kando ya shofere anakaa kopilote na kitabu cha njia. Anasoma umbali, kona, mto, shimo. Kopilote akikosea ukurasa mmoja, gari inaishia kwenye shamba la mtu.

Björn Waldegård wa Sweden ana hadithi inayounganisha nyakati zote mbili. Mwaka wa 1974 alikuwa wa pili ndani ya Porsche 911, nyuma ya Joginder. Porsche haikushinda Safari ya asili hata mara moja. Waldegård akaishinda mara nne na gari zingine, kuanzia Ford Escort mwaka wa 1977 mpaka Toyota Celica mwaka wa 1990. Akarudi kwenye Classic: 2007 alishinda na Escort, mtoto wake Mathias akimsomea njia. Na mwaka wa 2011, akiwa mzee wa miaka 68, akashinda na Porsche 911, aina ileile iliyomnyima kombe miaka 37 mbele.

Kuna shauri juu ya pesa, na ni la haki. Wageni wengi wanakodi gari iliyokwisha kutayarishwa Ulaya, inaletwa na meli pamoja na mafundi na makasha ya mapiesi. Mkenya wa kawaida hawezi kuota gharama hiyo. Hata hivyo mashindano hayajawa mali ya wageni peke yao. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka wa 2009 na Ford Mustang, tena 2013 na Ford Capri. Mwaka wa 2022 Baldev Chager, Mkenya pia, aliwaacha nyuma na Porsche. Kuijua njia kunasaidia pale pesa zinapokomea.

Kwa wakaaji wa Bapere na Lubero, swali linakuja lenyewe: je, barabara ya Butembo–Manguredjipa, yenye karibu kilomita mia moja za udongo, si Safari ya kila siku? Kwa macho, ndiyo. Mvua ikinyesha, Fuso zinazama mpaka ekseli, vijana wanachimba na beleshi, abiria wanalala njiani, na bei ya chumvi inapanda. Lakini tofauti ni kubwa. Kwenye Safari Classic, nyuma ya kila gari kuna nyingine yenye fundi, pine na injini ya akiba, na juu yao timu ya waganga. Njia imechaguliwa iwe mbaya kwa kiasi. Shofere wa Manguredjipa anabeba mbao, kakao na watu, hana gari ya pili inayomfwata, na tangu mwaka wa 2024, mashambulio ya ADF yalipofika kwenye sekta ya Bapere, kukwama usiku porini kumekuwa hatari ya aina nyingine kabisa. Ujuzi wa mikono ni uleule wa Joginder, ila hakuna anayempimia saa wala kumpigia makofi akifika.

Mbio zikimalizika, gari za wageni zinaoshwa potopoto, zinaingizwa kwenye makontena na kurudi baharini kupitia Mombasa, bandari ileile ambako mizigo ya wafanya biashara wa Butembo inashukia kabla ya kupanda Kampala na kuingilia Kasindi. Za Wakenya zinarudi garaji.