Kila Ujumbe wa Kosa Una Mwaka Wake

Wasee, leo ni historia, na si ile ya kukariri tarehe za Lancaster House. Ni historia ya ule ujumbe unaokutokea kwa skrini usiku, ukiwa umeweka Linux kwa laptopu ya ex-UK, umeandika programu yako ya kwanza yenye dirisha moja na kitufe kimoja, umebonyeza Enter, halafu terminali ikakujibu kama askari wa kanjo: `Permission denied`. Hakuna salamu, hakuna maelezo.

Wengi wetu huku Eastlands tumeingia Linux kupitia mlango wa nyuma. Si mapenzi, ni hesabu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani: inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa bajeti ya mtaa huzipati. Laptopu ni nzima, kibodi ni nzima, betri inashika masaa mawili, lakini mtu aliye mbali ameamua kwamba siku zake zimeisha. Hapo ndipo msee wa Umoja ama Kayole anasikia kuna kitu ya bure inaitwa Linux. Anaiweka, anafurahi wiki moja, kisha anakutana na kosa la kwanza na anaanza kukopi amri kutoka kwa roboti za AI bila kuzisoma. Moja ikikataa, anabandika ingine. Ikifika ya nane, mashine haiwaki.

Mimi naona shida si akili. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia hizi jumbe zilitoka wapi. Kila moja iliandikwa na mtu, mwaka fulani, kwa sababu fulani, na ukiijua sababu, nusu ya kazi imeisha.

Chukua hiyo `Permission denied`. Unix, babu ya hizi mifumo zote, ilianza 1969 huko Bell Labs, Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kompyuta wakati huo ilikuwa moja, watu wengi. Fikiria ploti ya Huruma yenye mfereji mmoja: kila mtu ana mtungi wake, kila mlango una kufuli yake, na kuna keateka mmoja mwenye funguo zote. Kwa Linux keateka anaitwa root, na `sudo` ni kuazima funguo zake. Sasa laptopu ni yako peke yako lakini sheria za ploti zimebaki. Ukizoea kuweka `sudo` mbele ya kila kitu, programu yako inaweza kuandika mafaili ya mipangilio kwa jina la keateka, na kesho ukiifungua kwa jina lako inakataliwa kuingia kwa nyumba yake yenyewe. Andika `ls -l` uone faili ni ya nani. Ikisema root na ulitaka iwe yako, `chown` inairudisha. Basi.

Ya pili ndiyo mimi naipenda zaidi: `cannot open display`. Msee anaangalia skrini yake, iko hapo mbele yake, inawaka, na programu inamwambia haioni skrini. Unaweza kudhani mashine imerogwa. Lakini rudi 1984, chuo cha MIT, mradi uliokuwa ukiitwa Athena. Bob Scheifler na Jim Gettys wanatengeneza mfumo wa madirisha unaoitwa X. Mashine zenye nguvu ni chache na za bei, kwa hivyo wazo lao ni hili: programu inaweza kukimbia kwa kompyuta iliyo jengo moja, na dirisha lake litokee kwa skrini iliyo jengo lingine. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa kitu kali sana. Lakini ina maana kwamba programu haiwezi kudhani skrini iko wapi, lazima iambiwe. Jibu linawekwa kwa kigeugeu kinachoitwa DISPLAY. Programu bila DISPLAY ni kama matatu imejaza abiria pale Donholm na dereva hajaambiwa inaenda wapi.

Kwa hivyo ukipata huo ujumbe, usianze kufuta madereva ya kadi ya picha. Andika `echo $DISPLAY`. Ikirudi tupu, umepata jibu: umeiendesha kutoka mahali pasipojua skrini, labda kupitia ssh, labda kwa kazi uliyopangia cron. Na hapa kuna mtego mwingine. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, mfumo mpya wa kuchukua nafasi ya X, na siku hizi Ubuntu nyingi zinawaka nayo. Chini ya Wayland programu haiwezi kuchungulia madirisha ya programu zingine hivi hivi, lazima iombe. Ukifuata somo la 2014 la kutengeneza programu ya kupiga picha ya skrini, utapata weusi mtupu na utadhani umekosea msimbo. Somo lilikuwa sawa kwa mwaka wake. Mimi kabla ya kusoma jibu lolote naangalia kwanza tarehe yake, kama vile mathee anavyoangalia tarehe ya maziwa.

(Ndio, nimesema msimbo. Najua nyinyi husema "kodi", lakini mimi kodi ninayoijua ni ile ya landilodi, na hiyo inatosha.)

Sasa tuje kwa ile inayowafukuza wengi wanaojifunza kwa Python: `No module named 'gi'`. Umeandika mistari kumi ya kufungua dirisha la GTK na mashine inasema haijui hiyo kitu. Ili uielewe, lazima ujue ugomvi wa miaka ya tisini.

Linus Torvalds alitangaza Linux Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki. Lakini Linux ni injini tu. Richard Stallman alikuwa ameshatangaza mradi wa GNU mwaka 1983 ili vile vyombo vingine vyote viwe huru, na yeye husimulia kwamba hasira yake ilianzia kwa printa ya maabara: ilikuwa inakwama, alitaka kuirekebisha, na aliyekuwa na msimbo wake akakataa kumpa. Waulize mafundi wa Kariobangi Light Industries hiyo stori na watakushangaa. Nani anamkataza fundi kufungua boneti?

Kilichokosekana ni uso. Mwaka 1995 vijana wawili wa chuo cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza programu ya kuhariri picha, GIMP. Vitufe na menyu walitumia vya Motif, na Motif ilikuwa ya kulipia. Wakachoka, wakajiandikia vitufe vyao wenyewe. Hivyo vitufe ndivyo GTK, na jina lenyewe maana yake ni sanduku la vyombo la GIMP. Yaani kitu ambacho leo kinashikilia meza nzima ya Ubuntu kilizaliwa kwa sababu wanafunzi wawili walichoshwa na vitufe vya watu. Sijui kama kuna stori ya Eastlands zaidi ya hiyo.

Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi Ujerumani, akaanzisha KDE, meza kamili yenye programu zake. Alitumia vyombo vizuri sana vya kampuni ya Norway, Qt, lakini leseni ya Qt wakati huo haikuwa huru kabisa. Watu wakagawanyika. Agosti 1997 Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME juu ya GTK ili pawe na meza ambayo hakuna kampuni inashika ufunguo wake. Qt yenyewe iliwekwa chini ya leseni ya GPL mwaka 2000, lakini kambi mbili zilishajengwa na bado ziko. Ukijiuliza leo ujifunze GTK au Qt, unarithi ugomvi wa 1997. Chagua yoyote, ugomvi si wako.

De Icaza, kwa taarifa yenu, alisoma hesabu chuo kikuu cha UNAM na hakumaliza digrii. Nataja tu. Mimi mwenyewe nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na hadi siku hiyo somo la mifumo ya kompyuta lilikuwa la kuandikiwa noti ubaoni. Terminali nilifunguliwa na jirani.

Turudi kwa `gi`. Hilo ni daraja kati ya Python na maktaba za C ambazo GTK imeandikwa. Haliletwi vizuri na pip, linaletwa na duka la mfumo wenyewe: `sudo apt install python3-gi gir1.2-gtk-4.0`. Ukilazimisha pip, tangu 2023 Debian na Ubuntu zinakujibu `externally-managed-environment`. Watu hutukana hapo, lakini sababu ni nzuri: sehemu za mfumo zinatumia Python hiyo hiyo. Ukibadilisha maktaba moja kwa ajili ya mradi wako, umegusa tangi la maji la ploti nzima. Jitengenezee chumba chako kwa `python3 -m venv --system-site-packages chumba` na uharibu humo ndani unavyotaka. Na kila programu yenye dirisha ikikataa kufunguka, usibonyeze ikoni mara kumi. Iendeshe kutoka terminali kwa jina lake. Ikoni inanyamaza, terminali inasema kila kitu.

Lakini inasema kwa Kiingereza. Na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo naona tumeisahau, na ni yetu.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ndogo ya Waswidi inayoitwa IT+46 walikuwa na mradi wa Kilinux. Kazi yao ilikuwa kukaa chini na kuipa OpenOffice lugha ya Kiswahili, menyu moja baada ya nyingine. Desemba mwaka huo wakaitoa: Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huo huo kwamba itatoa Kiswahili chake. Oktoba 2004 ndiyo pia Ubuntu ya kwanza ilitoka, kwa pesa za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kulipa hata ndururu, hadi 2011. Kumbuka kebo za baharini zilifika kwetu 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipita kwa setilaiti, na kupakua CD nzima kwa saiba ilikuwa ndoto. Mwaka mmoja tu, 2004, na milango mitatu ikafunguka.

Kisha? OpenOffice ilibadilika, ikazaa LibreOffice mwaka 2010, na kila toleo jipya linakuja na maneno mapya ya kutafsiri. Tafsiri si jengo, ni shamba. Mradi una bajeti na bajeti ina mwisho. Kiswahili cha LibreOffice kipo hadi leo ila hakijakamilika, na sijawahi kuingia saiba ya mtaa nikaikuta imewekwa kwa Kiswahili.

Kuna watu husema ilishindwa kwa sababu Wakenya wanapenda Kiingereza. Mimi sikubali. Tulizoea mahali pa kitufe, si maana yake. Ujumbe wa kosa haukaririki hivyo, lazima uuelewe. Mtoto wa gredi ya nane pale Dandora anaposoma `segmentation fault` hapati hata pa kushika. Ukimwambia "programu imegusa kumbukumbu isiyo yake", anajua pa kuanzia, kwa sababu ameshaona mtu akigusa kitu kisicho chake na yaliyofuata.

Na kuandika programu inayoongea Kiswahili si kazi ya mradi wenye wafadhili. GNU ina chombo kinaitwa gettext, kimekuwepo tangu miaka ya tisini. Unafunga maneno ya programu yako kwa `_( )`, chombo kinakutolea faili lenye mistari miwili miwili: `msgid` ni maneno ya asili, `msgstr` ni tafsiri. Hujui kuandika programu bado? Unaweza kuanza na faili hilo peke yake. GNOME na KDE zote zinapokea tafsiri kutoka kwa mtu yeyote.

Kuna kipande kimoja cha ule wakati ambacho kiko hai. Jason Githeko, wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, alitengeneza orodha ya maneno ya kukagua tahajia ya Kiswahili, akaiachilia huru. Bado inasafiri ndani ya Linux. Andika `sudo apt install hunspell-sw`, halafu fungua `/usr/share/hunspell/sw_TZ.dic` kwa kihariri chochote. Ni maandishi tu, neno moja kila mstari. Ilitengenezwa kabla M-Pesa haijazinduliwa Machi 2007, kabla ya bodaboda kujaa kila kona, kabla ya bando. Mimi nimeanza kuandika pembeni maneno ninayoyakosa, na niko arobaini na kitu. Leteni yenu hapo chini, na si matusi tafadhali.