Elimu endelevu ya wakutubi wa afya

Elimu endelevu ya wakutubi wa afya ni mafunzo anayoyapata mkutubi wa maktaba ya tiba baada ya kuhitimu chuo na kuanza kazi. Mkutubi huyo huhudumia madaktari, wauguzi, watafiti na wanafunzi wa vyuo vya afya. Mafunzo hutolewa kwa warsha, kozi fupi, masomo kwa njia ya intaneti, mikutano ya kitaaluma na ziara katika maktaba nyingine.

Umuhimu

Masomo ya kawaida ya ukutubi humwandaa mtu kufanya kazi katika maktaba ya aina yoyote. Maktaba ya afya ina zana zake za pekee, nazo hubadilika. Mojawapo ni MeSH, orodha ya istilahi za tiba inayotungwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1960 na hurekebishwa kila mwaka. Asiyeifuatilia huweza kukosa makala muhimu kwa sababu tu ametafuta kwa neno lisilotumika tena.

Maarifa ya tiba nayo huchakaa. Nchini Tanzania, klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikafuatwa na SP. Mwaka 2006 SP nayo ikabadilishwa na dawa mseto (ALu). Mwongozo wa zamani ukibaki rafuni bila alama yoyote, msomaji anaweza kuufuata akidhani bado unatumika. Kujua kitabu gani kiondolewe ni sehemu ya kazi ya mkutubi, sawa na kujua kipi kinunuliwe.

Historia

Chama cha Maktaba za Tiba cha Marekani kilianzishwa Philadelphia mwaka 1898, na mwaka 1949 kilianza kuwapa wakutubi wa tiba vyeti vya kitaaluma.

Katika Afrika Mashariki, mafunzo ya ukutubi yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1963. Tanzania ilipata chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka huko Bagamoyo mwaka 1989, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Vyuo hivi vilifundisha ukutubi kwa ujumla, hivyo ujuzi wa maktaba za afya ulitegemea zaidi mafunzo kazini.

Mwaka 1984 iliundwa AHILA, jumuiya ya maktaba na taarifa za afya barani Afrika. Kuwaendeleza wakutubi kitaaluma ni mojawapo ya malengo yake. Mkutano wake wa mwaka 2014 ulifanyika Dar es Salaam.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji walianzisha HINARI, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Kwa hiyo wakutubi waliozoea kadi na majarida ya karatasi walihitaji kujifunza upya.

Yanayofundishwa

- Kutafuta makala katika PubMed, HINARI na hifadhidata nyingine
- Kupima ubora wa utafiti na kutambua majarida ya kitapeli
- Kuwasaidia watafiti wanaofanya mapitio ya kina ya tafiti
- Kuhifadhi tasnifu na machapisho ya taasisi kwa njia ya kidijitali
- Kuwafundisha wahudumu wa afya kutafuta taarifa wenyewe

Katika ngazi ya wilaya

Wakutubi wa afya wa Tanzania wengi wako katika vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na katika taasisi za utafiti. Katika kata za vijijini kama Mlola, wilayani Lushoto kwenye Milima ya Usambara, zahanati na vituo vya afya kwa kawaida havina mkutubi. Tabibu au muuguzi ndiye anayetunza miongozo, mabango na vitabu.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuandaa maktaba ya sanduku la buluu, yenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii kwa ajili ya wilaya za Afrika. Sanduku la namna hiyo huhitaji mtu aliyefundishwa kulitunza, kuazimisha vitabu na kuvifanya vipya. Ndiyo sababu mafunzo ya kutafuta na kutunza taarifa hayawahusu wenye cheo cha mkutubi pekee.

Changamoto

Vikwazo vikubwa ni gharama za ada na safari, intaneti hafifu, na uhaba wa watumishi: maktaba yenye mkutubi mmoja hufungwa anapokwenda masomoni. Miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba (IFLA) ya mwaka 2016 inaeleza kuwa jukumu hili ni la pamoja. Mkutubi ajitahidi kujifunza, naye mwajiri atenge muda na fedha. Vyama vya kitaaluma na vyuo vina wajibu wa kuandaa mafunzo yanayofaa.